Jozi Jikoni kwa Eteri

Telavi, kwenye mtaa unaoteremka kama mtu aliyechelewa,
ipo nyumba ya Eteri. Haina kibao wala kengele.
Mlangoni, watoto saba, viatu kumi na vitatu:
Tamta huja na kimoja tu
akishikilia kwamba cha pili bado kimelala.

Mimi ni seremala. Najua meza.
Siku ya kwanza kumpeleka Rezi nilitafuta madawati,
nikatafuta ubao, nikatafuta herufi ukutani.
Nikaona sofa lenye shimo, paka, masufuria,
na mizani ya shaba, ile ya kupimia jibini sokoni,
imewekwa chini, usawa wa goti langu.
"Hapa watasoma nini?"
Eteri akanipa tufaha na kisu butu.
"Gawa sawa kwa sawa," akasema. "Wako saba."
Nikashindwa. Watoto wakanicheka kwa adabu.

Basi kila jioni, njiani:
Umejifunza nini leo?
"Hamna. Tulicheza."
Na jana?
"Tulicheza. Gvantsa alilia. Paka alizaa."
Nikaikumbuka ada ninayolipa, nikameza mate.

Oktoba ikaja, mji mzima ukanuka zabibu.
Nikafika mapema, nikasimama dirishani kama mwizi.
Mezani, kilima cha jozi.
Nyundo ndogo, ta! ta! ganda lapasuka,
ndani kiini kimekunjamana kama uso wa aliyeamshwa,
nusu na nusu,
jozi ndani ya jozi.
Wanazitunga kwenye uzi, ulimi nje,
kubwa, ndogo, kubwa, ndogo,
hapana! Zura kaweka kubwa mbili,
ukazuka ugomvi uliotaka hoja, ushahidi,
na mashahidi wawili wenye kamasi.
Eteri hakuamua. Alikuwa akikoroga uji wa zabibu
kwa mwiko mrefu kuliko Tamta.
"Hesabuni tena," alisema, bila kugeuka.
Wakahesabu kwa vidole,
na vidole vilipokwisha wakaazima vya jirani.

Kisha kuchovya. Uzi unazama katika uji mzito,
unatoka umevaa koti la zambarau,
unatundikwa kwenye mpini wa ufagio kati ya viti viwili,
unadondoka. To.
To.
Wanasubiri.
Sijapata kumwona mwanangu akisubiri kitu.
Mkono mtupu haulambwi, husemwa;
mle ndani hapakuwa na mkono usiolambwa,
hata ule wa jirani.

"Umejifunza nini leo?"
"Hamna,"
na nywele zake zina uji.

Jumapili tulikula kwa mama yangu.
Meza yake inayumba tangu baba alipokuwa hai;
mganga hajigangi, mwaka wa tisa huu naahidi.
Supu ikamwagika. Tukalaumiana, kama desturi yetu.
Rezi akateremka kitini, akaingia uvunguni.
Tukasikia kunong'ona: nene... bado nene... nusu yake...
Akatoka na vumbi magotini.
Mama akaegemeza kiwiko.
Meza ikakaa kimya.

Nikainama kutazama.
Chini ya mguu ule mfupi, kizibo cha chupa ya mvinyo
kilichotafunwa kwa subira
mpaka kikafikia unene unaotakiwa.
Alama za meno ya maziwa, safu mbili.

"Nani kakufundisha?"
Akanitazama kama nimemuuliza
nani kamfundisha kupiga chafya.
"Hakuna. Naomba supu."

Siku hizi njiani siulizi.
Nasema: nionyeshe mikono.
Naishika chini ya taa ya duka la mikate,
naigeuza kama ninavyogeuza ubao kabla ya kuupiga randa.
Leo: unga. Mkwaruzo wa nyundo, mdogo, umekauka.
Unyoya mmoja wa paka.
Na kitu fulani cha kijani
ambacho sisi sote wawili hatukijui.